Muuzaji anasema jeki ya tani 5 haihitaji stendi. Nimwamini?

Fundi, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Uyole hapa Mbeya. Gari langu ni Toyota IST. Mume wangu yuko Chunya kikazi na hurudi mwisho wa mwezi, kwa hiyo gari likisumbua ni mimi na kijana wangu wa kidato cha pili. Mambo madogo nimeshayazoea: kuangalia maji na oili, kubadilisha plagi, kusafisha filta ya hewa. Sasa nataka nifike chini ya gari. Nibadilishe oili mwenyewe, nikague breki pedi, nihamishe matairi ya mbele yaende nyuma. Kila nikienda gereji siku nzima inapotea.

Kilichonisukuma zaidi ni hiki. Majuzi nilipeleka gari kwa fundi mmoja abadilishe bushi za mbele. Aliliinua kwa jeki ndogo, akaliegesha juu ya matofali mawili ya saruji, kisha akaichomoa jeki ikatumike kwenye gari jingine. Alikuwa ametoka chini kufuata spana, tofali moja likapasuka na gari likakaa kwa diski. Hakuumia mtu, wala hakuna aliyeshtuka sana zaidi yangu. Nilirudi nyumbani nimeamua kwamba kazi ya chini ya gari langu itafanyika nikijua limekaa juu ya nini.

Nimezunguka maduka ya vifaa Mwanjelwa. Jeki ndogo ya magurudumu, tani 2, inauzwa pamoja na kisanduku chake cha plastiki kwa laki moja na thelathini. Kubwa ya tani 3 ni laki tatu na ishirini. Muuzaji akanionyesha nyingine anayosema ni ya tani 5, bei juu zaidi, akaniambia, "Mama, ukichukua hii stendi za nini? Gari lako hata tani mbili halifiki." Jirani yangu ni dereva wa lori wa njia ya Tunduma, yeye anasema jeki za magurudumu ni kupoteza fedha, nitafute ya chupa ya tani 10 kama yake. Na kaka yangu wa Iringa amepata jeki kuukuu kwenye gereji moja Ipogolo, bei nusu, ila anakiri kwamba ikiinuliwa inashuka polepole.

Nimetenga laki nne. Uwanja wangu ni udongo, una mteremko kiasi kuelekea barabarani, na wakati wa mvua ni tope. Kijana wangu ana hamu kubwa ya kusaidia, sijui nimpe kazi gani. Nishauri.

Mwalimu, Uyole

JIBU

Marahaba, Mwalimu.

Usimwamini. Nalisema hili kwanza ili hata ukiishia hapa kusoma uwe umelipata: jeki yoyote, ya tani 2 au ya tani 20, ni chombo cha kuinulia. Kulishikilia gari mtu akiwa chini yake ni kazi ya stendi, ile nguzo ya chuma yenye miguu inayowekwa chini ya gari. Muuzaji huyo anaweza kuwa mtu mwema na anaijua bei ya kila kitu dukani kwake, lakini neno alilokuambia linaua watu, hata waliotumia jeki yenye uwezo mkubwa kuliko gari lililowaangukia.

Nikueleze kwa nini, maana ukiielewa jeki ilivyo ndani hutahitaji mtu wa kukusisitizia. Unapopiga mpini, pistoni nyembamba inasukuma oili kidogo kuingia chini ya pistoni nene. Oili haibonyezeki, na msukumo wake huenda sawa kila upande. Hiyo ni kanuni ya Blaise Pascal, Mfaransa wa karne ya 17. Basi kama pistoni nene ina eneo mara 20 ya ile nyembamba, nguvu nayo inazidi mara 20, na mpini mrefu unaongeza juu ya hapo. Ndiyo maana wewe na mikono yako ya chaki unaweza kunyanyua injini. Sasa tazama kinachozuia gari lisirudi chini: gololi ndogo ya chuma iliyokaa kwenye tundu lake, na pete nyembamba za mpira zinazozuia oili isipenye. Basi. Punje ya mchanga ikikwama chini ya gololi, oili inarudi. Pete ikichanika, oili inarudi. Mtoto akiugeuza mpini kinyume cha saa akidhani anausogeza pembeni, oili inarudi yote kwa mara moja. Na tani zilizoandikwa ubavuni hazibadilishi chochote hapo, kwa sababu jeki ya tani 5 nayo ina gololi na pete za mpira.

Stendi haina oili. Ni miguu ya chuma na nguzo iliyokaa juu ya pini au jino. Hiyo ndiyo sababu yote.

Sasa ukubwa. IST yako ina uzito wa tani moja na kidogo. Ukiinua mbele yote kwa pamoja, kwenye injini na gia boksi, jeki inabeba kama asilimia 60 ya uzito huo, yaani kilo 600 na ushee. Ukiinua kona moja ni pungufu ya hapo. Kwa hesabu ya uzito peke yake, hata ile ndogo ya tani 2 inatosha na kubaki. Hata siku mkihamia kwenye Noah, ambayo iko kwenye tani moja na nusu hivi, bado uzito hautakuwa tatizo. Kwa hiyo swali la tani, ambalo wauzaji huliweka mbele, kwa gari dogo ndilo la mwisho.

La kwanza ni kimo. Kila jeki ina namba mbili unazopaswa kuziuliza: iko juu kiasi gani ikiwa imelala kabisa, na inafika wapi ikiinuka hadi mwisho. Zile ndogo za kisanduku cha plastiki kwa kawaida zinalala kwenye sentimita 13 au 14 na kufika kama 33 au 34. Za tani 3 zinalala karibu hapo hapo, lakini zinafika 45 hadi 50. Chukua tepu, pima kutoka ardhini hadi kwenye mshono wa bati chini ya milango ya gari lako. Kisha kumbuka kwamba unapoinua, springi zinanyooka na tairi linabaki chini likining'inia. Mwili wa gari utapanda sentimita kadhaa kabla tairi halijaacha ardhi. Jeki inayokomea 33 italitoa tairi lako chini, ndiyo, na kwa pancha inatosha kabisa. Lakini stendi za kawaida, hata zikishushwa hadi mwisho, zina kimo cha sentimita 27 hadi 29, na unahitaji nafasi ya kuziingiza na kuzirekebisha. Utajikuta umeinua hadi mwisho na bado unagombana na sentimita mbili. Hapo ndipo watu wanapoanza kuweka vipande vya mbao juu ya jeki, na mbao juu ya kikombe cha chuma, pale jeki inapogusa gari, huteleza.

La pili, ambalo sijawahi kumsikia muuzaji akilitaja, ni urefu wa mwili wa jeki. Fikiria unainua kona ya mbele kulia. Gari lako lina sehemu maalumu za kuinulia kwenye ule mshono wa chini: tafuta alama za vipengo viwili, nyuma kidogo ya tairi la mbele na mbele kidogo ya tairi la nyuma, kila upande. Ukiweka jeki hapo, stendi utaiweka wapi? Mahali pake pamekaliwa na jeki. Njia safi ni kuinua mbele yote kutoka katikati, kwenye chuma kinene kinachokatiza chini ya injini, ambacho mafundi wanakiita krosimemba, halafu stendi mbili zikae kila moja kwenye alama yake ubavuni. Jeki ndogo ni fupi, na mpini wake mfupi unagonga bampa kabla kikombe hakijafika kwenye hicho chuma. Ile ya tani 3 inaingia vizuri, na ukipiga mpini unakuwa umesimama mbele ya gari badala ya kulala ubavu. Hii ndiyo sababu nakuelekeza kwenye kubwa. Uzito wa gari hauhusiani.

Kabla hujainua hapo katikati, hakikisha unachokigusa. Sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, iko karibu, na ukilibeba gari kwa sampu umeitoboa. Gia boksi vilevile, na sakafu ya bati itabonyea. Kitabu cha gari kina mchoro unaoonyesha sehemu za jeki, na hata kama chako ni cha Kijapani kama vilivyo vingi vya magari yanayotoka huko, michoro inasomeka bila lugha. Kwenye ule mshono wa ubavuni usiweke chuma kwa chuma. Nenda kwa mshona katambuga yeyote sokoni, umwombe kipande kinene cha tairi la lori, akichongee mfereji katikati. Mshono unaingia kwenye mfereji na uzito unakaa pande zote mbili. Wenzetu wa nje wanavinunua vitu hivyo madukani; hapa kwetu kisu cha mshona katambuga kinakipata kwa muda wa kunywa chai.

Nihamie kwenye uwanja wako, kwa sababu hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko jeki yenyewe.

Jeki ya magurudumu haipandi wima. Mkono wake unachora upinde, kwa hiyo kadiri gari linavyopanda, ama jeki inatembea kidogo kulifuata gari, ama kikombe kinaliburuta gari. Kwenye zege magurudumu yanatembea na husikii kitu. Kwenye udongo yanazama, jeki inabaki palepale, na kikombe kinaanza kuteleza kwenye chuma cha gari. Mtu akisema jeki "ilitema" gari, mara nyingi kilichotokea ni hicho. Mteremko nao unaongeza la kwake: gari likishanyanyuliwa linatafuta kwenda chini, na stendi zinasukumwa ubavu, upande ambao hazikutengenezwa kustahimili. Kwenye mteremko usiinue gari kabisa, hata kwa kazi ya dakika tano.

Dawa ya kudumu ni zege. IST ina urefu wa mita 3.85 na upana wa karibu mita 1.7, kwa hiyo sakafu ya mita 5 kwa 3 inakutosha kuzunguka gari pande zote. Kwa unene wa sentimita 10 hiyo ni mita moja na nusu za ujazo, na kwa mchanganyiko wa moja kwa mbili kwa nne utatumia kama mifuko 10 ya saruji, pamoja na mchanga na kokoto. Mwelekeze fundi achimbe upande wa juu na kuushindilia kwa mawe, asijaze udongo upande wa chini na kuusawazisha kwa macho, maana udongo wa kujazia utatitia mvua ikikolea na zege litapasuka. Sakafu iwe usawa wa pima maji. Mteremko mdogo wa kutolea maji, sentimita moja kwa kila mita, hauna neno.

Najua hiyo haimo kwenye laki nne. Kwa sasa chonga sehemu moja ya uwanja iwe usawa, ishindilie, na ufanye kazi zako kiangazi tu, kuanzia Juni hadi Oktoba, udongo ukiwa mkavu. Chini ya jeki weka pleti ya chuma ya milimita 6, upana sentimita 60 na urefu wa mita moja, ili magurudumu yapate pa kutembea. Ina uzito wa kama kilo 28, wewe na kijana mtaibeba. Mafundi wa kuchomelea mageti huwa na vipande. Chini ya kila stendi weka kipande cha ubao mgumu wa unene wa inchi mbili, kipana kuliko miguu ya stendi kila upande. Waombe wa mbao wakupe mkaratusi. Mpaini unaotoka Sao Hill huko Mufindi ni mbao nzuri ya kenchi, lakini mguu wa stendi unazama ndani yake.

Huo mkaratusi pia ndio utakaokatia kabari za matairi, na hapa nisikilize vizuri, kwa sababu hata madereva wa miaka mingi hawalijui hili. IST zinazovutwa na magurudumu mawili, siyo yote manne, zinavutwa na matairi ya mbele. Ukiweka gia kwenye P, kinachofungwa ni gia boksi, na difu iliyo ndani yake bado inaruhusu tairi moja kuzunguka kwenda huku jingine likienda kule. Ardhini matairi yote mawili yamekamatwa, gari halitembei. Ukinyanyua tairi moja la mbele, hilo la hewani liko huru kuzunguka, na la pili lililobaki chini nalo linakuwa huru. P imekwisha kazi. Kilichobaki ni hendibreki, na hiyo inakamata matairi ya nyuma. Sasa ukiinua nyuma, hendibreki ndiyo inayokuwa hewani. Kwa hiyo kila siku, hata pale uwanja unapoonekana sawa kabisa, piga kabari mbele na nyuma ya matairi yatakayobaki chini. Zikate kwa pembe, ndefu kama kiganja na vidole vyake, na uzisukume hadi zibane. Mawe huviringika.

Sasa stendi zenyewe. Utakuta za aina mbili. Moja nguzo yake ina meno, unaivuta juu na kijino kinaishika. Nyingine nguzo ina matundu, unapitisha pini nene ya chuma. Za meno ni nyepesi kurekebisha, na zikitengenezwa vizuri hazina ubaya, lakini ubora wake hauonekani kwa macho. Mwaka 2020 huko Marekani, kampuni ya kuuza vifaa ya Harbor Freight iliwataka wateja wazirudishe stendi zake za tani 3 na tani 6 baada ya kuonekana kwamba kijino kinaweza kuachia nguzo gari likiwa juu. Ya pini ukiiona pini imepita pande zote mbili umeona kila kitu. Kwa mtu anayeanza, mimi nakuchagulia ya pini. Soma pia namba yake: wengine huandika tani 3 kwa jozi, maana yake kila moja ni tani moja na nusu. Kwa IST bado inatosha, ila ujue umenunua nini.

Gari likishakaa juu ya stendi, simama ubavuni ulisukume kwa nguvu, kama mtu anayetaka kuliangusha kweli. Likicheza, lishushe uanze upya. Afadhali lianguke wakati huo, wote mkiwa nje. Kisha iache jeki palepale ikigusa gari kidogo bila kulibeba, na tairi ulilolitoa lilaze chini ya ubavu wa gari. Hapo ndipo unaingia. Na kwa kazi ya oili peke yake, fikiria pia rampu mbili za chuma za kupandishia matairi ya mbele. Hazihitaji jeki kabisa, na mchomeleaji mzuri anaweza kukutengenezea, mradi uwanja uwe umesawazishwa.

Tofali la yule fundi lilifanya kama tofali lolote la saruji litakavyofanya. Linastahimili uzito uliotandazwa juu yake lote, kama ukuta unavyofanya. Uzito wa gari unakuja kwenye sehemu moja nyembamba, na saruji haipindi kwanza ikakuonya. Hata matofali yake yangekuwa mapya, jibu lingekuwa hilo hilo.

Jirani yako asilaumiwe, jeki yake inamfaa yeye. Ya chupa ya tani 10 ni ndefu hata ikiwa imelala, na chini ya ekseli ya lori nafasi ipo tele. Chini ya ubavu wa IST haitaingia, na hata ukiilazimisha, kitako chake kidogo kitazama kwenye udongo wako kabla gari halijasogea.

Kuhusu kijana: mpe kazi, na iwe kazi ya kweli. Alegeze nati nusu mzunguko gari likiwa bado chini, maana kuzipigania gari likiwa juu ndiko kunakolitikisa. Apige kabari na wewe uzikague. Apige mpini ukiwa unatazama kikombe kinavyogusa chuma. Aziweke stendi kwa kushika miguu yake, mikono isipite chini ya gari. Chini ya gari asiingie kwa sasa, na wewe ukiwa huko yeye akae pale unapomwona miguu, bila mtu mwingine yeyote kugusa jeki wala kufungua mlango. Mwambie na sababu zake zote, ile ya difu hasa. Mvulana wa kidato cha pili ataipenda, na akiielewa hatasahau kabari.

Dukani nenda na gari lenyewe. Muombe muuzaji ainue mbele kwa jeki unayoitaka, upime kimo kwa tepu, kisha mkae robo saa mpime tena. Ikiwa imeshuka hata kidogo, iache. Azungushe mpini kidogo kidogo kushusha: jeki nzuri inashuka kwa kadiri unavyogeuza, mbaya inakaa kimya halafu inaporomoka. Tazama magurudumu yawe ya chuma, mchomeleo uwe umejaa bila matundu, na kibandiko kionyeshe mzigo pamoja na vimo vyote viwili. Ukikuta kimeandikwa EN 1494, kiwango cha Ulaya, au ASME PASE, kiwango cha Marekani, ni dalili nzuri, ingawa kibandiko chochote kinaweza kuchapishwa popote. Robo saa yako na tepu vina uzito zaidi. Inyanyue pia mwenyewe. Za tani 3 za chuma zina kilo 30 hivi, na kama huwezi kuitoa stoo bila kuumiza mgongo, muulize kama ana ya tani 2 yenye mwili mrefu. Zipo, na kwa IST zinatosha kabisa.

Laki nne zako zigawe hivi: stendi kwanza, jeki baadaye. Ikiwa kubwa kwa laki tatu na ishirini haikuachii fedha ya stendi za pini, pleti na mbao, usiichukue mwezi huu. Nunua stendi, subiri mume arudi mwisho wa mwezi, muongeze. Ile ndogo ya kisanduku usiinunue kama hatua ya kwanza, maana utaishia kununua mara mbili, na kwa pancha tayari unayo jeki ya mkasi kwenye buti.

Ya Ipogolo mwambie kaka yako aiache, isipokuwa wamruhusu aipeleke kwanza kwa fundi wa hidroliki. Jeki inayoshuka polepole mara nyingi inaponyeka: inafunguliwa, inasafishwa, inabadilishwa pete za mpira na kujazwa oili mpya ya hidroliki, kisha inatolewa hewa kwa kulegeza valvu na kupiga mpini mara kadhaa bila mzigo. Amuulize muuzaji swali moja tu, waliwahi kuiongeza nini oili ilipopungua. Kama jibu ni maji ya breki, pete zote ndani zimeshavimba na kuharibika, na hata bei nusu ni kubwa.